Mwenye Wayo Ndiye Mwenye Ufa

Paukwa!

— Pakawa!

Sakafu!

— Imepasuka!

Nani kaipasua?

— Si mimi!

Eheee. Si wewe, si yeye, si mimi. Sijapata kuona sakafu iliyopasuliwa na mtu, zote hujipasua zenyewe. Haya, kaeni vizuri. Na wewe unayechezea simu huko nyuma, please, iweke mfukoni, maana nikimaliza utaniuliza Kiboko aliingiaje shimoni na mimi sirudii.

Hapo zamani za kale, na msiniulize kale ipi kwa sababu wanyama walikwisha kuwa na simenti, palikuwa na Mama Kanga. Mjane. Madoadoa yake safi, shingo yake nyembamba, sauti yake kama bawaba isiyotiwa mafuta. Alikuwa na nyumba ndogo, na mbele ya nyumba alikuwa na ua wa zege: zege kutoka mlangoni mpaka kwenye mfereji, na baraza ya kukalia ubavuni. Ua huo aliumwaga marehemu mumewe kwa mikono yake. Sorry, kwa mabawa yake. Na alipomaliza, kwenye pembe karibu na mlango, alikanyaga zege likiwa bichi. Wayo wa vidole vitatu ukabaki pale.

Kwa nini alikanyaga? Desturi. Katika mji ule fundi akimaliza kumwaga zege hukanyaga pembeni kabla halijakauka, na hiyo ndiyo sahihi yake. Ua ukivunjika watu hawabishani, hawaitani vikao, hawaundi tume. Wanainama, wanatazama wayo, wanamfuata mwenye mguu. Naye anarudi, anatengeneza upya, na siku zote za kazi hiyo anakula kwake mwenyewe. Ndipo wakasema: mwenye wayo ndiye mwenye ufa.

Na kulikuwa na desturi ya pili: fundi hula kwa mwenye nyumba mpaka sakafu ikauke. Asubuhi anakula, mchana anakula, jioni anakula. Sakafu ikikauka, anafuta mdomo, anafungasha mwiko, anakwenda zake.

Desturi nzuri hizo. Shida ni kwamba waliozitunga walikuwa hawajakutana na Kiboko.

Sasa ua wa Mama Kanga ukazeeka. Ufa ulianza kama unywele, ukawa kama uzi, ukawa kama mdomo. Katikati ya ua pakadidimia, na maji ya mvua yaliyozoea kwenda mferejini yakabadili safari, yakaelekea mlangoni. Na kanga hatagi darini jamani, kanga anataga chini. Ikaja masika, mvua ikanyesha, maji yakaingia chwaaa! Mayai tisa yakaelea ndani kama ndimu kwenye beseni. Halikuanguliwa hata moja.

Mama Kanga akalia, na kwa kuwa mwenye wayo alikuwa kaburini, akamwita fundi mwingine. Fundi Mkuu Kiboko. Alikuwa na mwiko mmoja, ndoo moja, na tumbo ambalo peke yake lingehitaji kibali cha ujenzi.

Kiboko akaja. Hakuinama, hakugusa, hakugonga. Alisimama langoni akautazama ufa kwa mbali, kama daktari anayempima mgonjwa kutoka getini.

"Niru," akasema.

"Niru tu, fundi?"

"Niru tu, mama. Saruji laini na maji, naipaka juu, naisugua kwa mwiko, inang'aa mpaka unajiona meno."

"Kanga hana meno."

"Basi utajiona mdomo."

"Na huko chini je? Isije ikawa kuna kitu huko chini."

"Mama," Kiboko akasema, na akaifunga midomo yake kama mtu anayeombea subira, "huko chini kuna chini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema ziba! Hawakusema vunja. Lakini kama unataka nivunje, sawa, nitavunja. Nitavunja ua, nitavunja na ule wayo wa marehemu pale pembeni. Nyundo haina macho."

Mama Kanga akautazama ule wayo wa vidole vitatu.

"Paka, baba. Paka tu."

Kiboko akapaka. Akapaka akizungukia pembeni, huku anaimba:

*Swaa-swaa, mwiko wangu,*
*ufa lala, ufa lala,*
*ukiamka mwakani*
*nipo hapa, nitakula!*

Imbeni na nyinyi. Mnaona aibu? Yeye hakuona.

Niru ile ilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Niru ya namna hiyo inakauka kwa siku moja. Kiboko akala siku ya kwanza. Siku ya pili akaja na ndoo, akamwaga maji juu, pwaa! "Saruji inataka maji, mama. Bila maji ni vumbi lenye kiburi." Kweli, zege linataka maji, sikatai, juma zima ulimwagilie asubuhi na jioni. Lakini niru? Akamwaga siku ya tatu, pwaa! Siku ya nne, pwaa! "Bado mbichi, mama. Hakijaiva hicho chakula?" Siku kumi na nne! Akala maboga, yakaisha. Akala mtama, ukaisha. Akala miwa na maganda yake. Akala mbegu zilizowekwa za kupanda. Mama Kanga alipogonga ghala lake likamjibu kama ngoma.

"Na wayo wako, fundi? Hukanyagi?"

"Niru haichukui wayo, mama. Ni nyembamba. Nikikanyaga nitaiharibu."

Akaenda zake. Hajaacha wayo, hana ufa. Mmeona ujanja wa watu wazito?

Mvua ikaja, ufa ukaamka, maji yakaingia, mayai yakaelea.

Mwaka wa pili: Kiboko akaja, akapaka, akala, akaondoka. Mvua ikaja, ikapasua, ikaingia, ikachukua.

Mwaka wa tatu: Kiboko akaja, akapaka, akala, akaondoka. Mvua ikaja, ikapasua, ikaingia, ikachukua. Na mwaka huo alipokuwa anaondoka aligeuka langoni akasema, "Mama, kwa kweli bado haijakauka sawasawa, ila nimeitwa kwingine. Nikirudi nitamalizia kula."

Mwaka wa nne mawingu yakaanza kukusanyika. Mama Kanga alikuwa na mayai saba, na mwili wake ulikwisha kumwambia kwamba hayo ndiyo ya mwisho. Akakaa barazani, akatazama mawingu, akatazama ufa, akajiuliza: nipake au nivunje? Jirani yake Bata akasema paka, kuvunja ni kazi. Jirani mwingine akasema vunja, kupaka ni uongo. Kila mtu akashauri, na hakuna aliyeleta hata ndoo. Unajua tena majirani.

Mama Kanga akasimama aende kumwita Kiboko. Mara ufa ukasema:

"Hodi."

"Karibu," akasema kwa mazoea. Halafu akaruka. "Che-kweche! Nani?"

Ikatoka pua. Yakatoka meno mawili marefu. Akatoka Fuko, mdogo, macho kama punje za ufuta, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatoka wapi wewe?"

"Chini."

"Ndiyo wewe unayekula mihogo yangu kwa chini?"

"Mama, hiyo ni topic nyingine."

Huyu Fuko alikuwa msomi. Miaka minne alisoma Chuo cha Udongo, akafaulu udongo wote: mfinyanzi, tifutifu, kichanga. Akapewa shahada, akaikunja, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga isiliwe na mchwa. Kisha akaenda Baraza la Mji kuomba kazi ya kukagua sakafu. Wakamwambia, hongera sana kijana, ila tunataka mwenye uzoefu wa miaka mitano. Akauliza, uzoefu huo unapatikana wapi? Wakamwambia, kazini. Akauliza, kazi inapatikana wapi? Wakamwambia, ukishakuwa na uzoefu. Akarudi chini ya ardhi, akafunga mlango. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

"Mama," Fuko akasema, "nimekusikia unajiuliza. Usinisikilize mimi, mimi sina uzoefu. Isikilize sakafu."

Akaokota jiwe dogo la mtoni. Akagonga baraza.

Ko, ko, ko.

"Unasikia? Hapo pazima. Uso umechubuka tu. Hapo paka niru, usivunje bure."

Akaenda kwenye pembe yenye wayo wa marehemu. Akagonga kwa adabu.

Ko, ko, ko.

"Hapo napo pazima. Mzee alijua kazi."

Akaenda katikati. Akagonga.

Bu, bu, bu.

Mama Kanga akainua mguu mmoja bila kujijua.

"Gonga tena," akasema.

Bu, bu, bu.

"Hapo chini ni patupu. Sasa pitisha kidole kwenye ufa," Fuko akasema. "Upande huu uko juu, upande huu umeshuka, au siyo? Ufa wa ngozi unapakwa. Ufa ambao upande mmoja umeshuka ni wa mfupa, na mfupa haupakwi mafuta. Hata ukisugua niru mpaka Kiyama."

"Umejuaje kama chini kuna mwanya?"

"Kwa sababu nakaa humo."

"Unakaa kwangu?!"

"Chini yako. Ni anwani tofauti. Marehemu, Mungu amrehemu, siku ya kumwaga zege hapo katikati palikuwa na kisiki cha mkwaju. Alikikata, hakuking'oa."

Mama Kanga akakumbuka. Siku ya kumwaga zege ni sherehe: wabeba maji wamekuja, wabeba mchanga wamekuja, waimbaji wamekuja, pilau limeiva. Nani atang'oa kisiki na pilau linanukia? Kisiki kikaambiwa kingoje.

"Kikangoja," Fuko akasema. "Mchwa wakakila, likabaki shimo, nikahamia. Dari nimeliegemeza kwa vijiti viwili. Kila akipita mtu mzito juu, mchanga unaingia kwenye chai yangu. Lakini mama, kuna jambo moja. Miaka mitatu nasikia hatua za Fundi Kiboko juu yangu. Du, du, du, pembeni. Du, du, du, pembeni. Katikati hapiti. Hata siku moja."

Mama Kanga akanyamaza. Kanga akinyamaza, ogopa.

"Anajua," akasema.

"Tangu siku ya kwanza."

"Ishirini na... che-kweche! Mayai yangu yote yale! Alikuwa anajua, na anakula maboga yangu anaimba!" Akazunguka ua mzima, mara tatu, manyoya yamesimama. Kisha akasimama mbele ya wayo wa mumewe. "Nikivunja, huu utabaki?"

"Utabaki. Hapo pazima, tutakata kando yake. Tunavunja palipooza tu."

"Navunja basi," Mama Kanga akasema. "Nimeamua. Lakini nani atavunja? Mimi na mabawa haya? Wewe na meno hayo?"

Fuko akacheka, hi hi hi. "Mama, mji mzima una mtu mmoja tu mwenye uzito unaotosha. Mwite. Mwambie unataka niru. Ila pika kabla ya kazi, pika kwenye sufuria kubwa kuliko zote, na mwalike Mjumbe Korongo aje ashuhudie."

Mama Kanga akahamishia mayai saba kwa Bata. Fuko akahamisha vyombo vyake: kitanda, birika, kopo lenye shahada. Kisha akarudi chini mara ya mwisho, akaiaga nyumba, akachomoa kijiti cha kwanza, akachomoa kijiti cha pili, akatoka mbio.

Asubuhi akaja Mjumbe Korongo, miguu mirefu, mkoba kwapani, daftari mkononi. Wakaja majirani. Akaja Kiboko na mwiko wake na ndoo yake, du, du, du, pembeni.

"Shikamoo, mzee," akasema Fuko.

Kiboko hakuitikia. "Nini hiki?"

"Msomi," Mama Kanga akasema.

"Msomi! Umesomea nini, kijana?"

"Udongo, mzee."

"Udongo unasomewa?" Kiboko akacheka mpaka tumbo likapiga makofi. "Mimi nimelala kwenye tope miaka arobaini, mbona sijapewa cheti?"

Majirani wakacheka. Fuko naye akacheka. Ukiwa mdogo unajifunza kucheka kwanza, hasira unaipeleka chini ukaifanyie kazi.

"With due respect, mzee..."

"Sema Kiswahili!"

"Kwa heshima zote, mzee. Sakafu hii ni nzima?"

"Nzima."

"Hata katikati?"

"Hata katikati! Inataka niru tu."

"Mjumbe umesikia?"

"Nimesikia," Korongo akasema, akaandika.

"Na niru ya mwaka jana, mzee, ilikauka?"

Kiboko akafikiri. Hapo msikilizeni jinsi tumbo linavyofikiri: nikisema ilikauka, haki yangu ya kula ile ya zamani imekwisha. Nikisema bado, nina chakula cha mwaka jana na cha mwaka huu.

"Haijakauka," akasema kwa sauti kubwa. "Mpaka leo ni mbichi. Nilimwambia mama mwenyewe, nikirudi nitamalizia kula."

"Mbichi mpaka leo. Mjumbe umesikia?"

"Nimesikia," Korongo akasema, akaandika, akapiga mstari chini.

Ndipo Mama Kanga akaita, na Bata na wanawe wakatoka na sufuria wameibeba kwa kupokezana, maboga ndani, kande ndani, nazi imeelea juu. Wakaitua katikati ya ua. Tii!

"Leteni huku pembeni," Kiboko akasema. "Goti linaniuma."

"Ni nzito, baba," Mama Kanga akasema. "Na sisi ni ndege tu."

"Isukumeni!"

"Si umesema ni nzima hata katikati?" Fuko akauliza. "Kuna nini basi, mzee?"

"Hakuna kitu!"

"Basi karibu."

Kiboko akabaki pembeni. Bata akachovya mdomo kwenye sufuria. Nya, nya, nya. Wanawe wakachovya. Nya, nya, nya. Mate ya Kiboko yakadondoka, to, to, to.

"Hao watamaliza!"

"Wanaonja tu, baba."

Kiboko akapiga hatua moja. Sakafu ikasema: bu.

Akasimama. Akaitazama sakafu.

Mama Kanga akafunua kifuniko chote. Mvuke wa nazi ukamfuata Kiboko, ukamshika pua zote mbili, ukamvuta. Akapiga hatua ya pili. Sakafu ikasema: buuu.

Akasimama tena. Jasho likamtoka. Na kweli, hapo angerudi. Wenye akili hurudi hapo. Lakini Bata akasema, bila haraka, mdomo umejaa, "Imebaki nusu."

"Nusu yangu!" Kiboko akapiga mbio. Hatua ya tatu, ya nne, Bata na wanawe wakaruka, prrrr!

GUBUDU!

Vumbi likapanda mpaka juu ya paa. Lilipotua, palikuwa na shimo, na shimoni palikuwa na Kiboko, amezama mpaka kwapani, amekwama kama kizibo kwenye chupa. Sufuria ilikuwa imeteleza hadi kwenye baraza, imesimama wima, haijamwaga hata punje.

"Nitoeni!" akanguruma. "Nimevunjika!"

"Hapana mzee," Fuko akasema. "Kilichovunjika ni sakafu. Nzima ile." Akamgeukia Korongo. "Mjumbe, tunaomba utusomee desturi."

Korongo akaja taratibu, akainamisha shingo yake ndefu shimoni, akatazama huku, akatazama kule. "Naona wayo," akasema. "Wayo wa mbele kulia. Wa mbele kushoto. Na za nyuma, mbili. Na tumbo."

"Huo si wayo! Hii ni ajali!" Kiboko akapiga kelele. "Wayo ni wa sakafu mbichi! Hii sakafu ni kavu! Ilikauka zamani!"

Korongo akafungua daftari. Akasoma: "Haijakauka. Mpaka leo ni mbichi." Akalifunga. "Ni maneno yako, Fundi. Umekanyaga katika sakafu mbichi, mbele ya mashahidi, kwa miguu minne. Sijapata kuona sahihi kubwa namna hii. Mwenye wayo ndiye mwenye ufa."

"Mwenye wayo ndiye mwenye ufa!" majirani wakaitikia. Sasa waliitikia. Jana walikuwa wapi?

Wakamvuta Kiboko kwa kamba mpaka jua likawa la utosi. Akatoka. Hakuwa na pa kwenda, sahihi yake ilikuwa shimoni. Kwa hiyo akafanya kazi, ya kweli, kwa mara ya kwanza. Akavunja palipooza. Akazungukia wayo wa marehemu kama anazungukia yai, Mama Kanga amesimama juu yake, che-kweche, che-kweche. Akang'oa mizizi ya kisiki yote. Akajaza udongo, akashindilia, du du du, akajaza tena, akashindilia tena, na kila akitaka kuacha Fuko anagonga kwa jiwe: "Bado, mzee. Rudia." Akamwaga kokoto. Akamwaga zege, nene, lenye mteremko kuelekea mferejini. Na barazani akapaka niru, kwa sababu baraza ilitaka niru, haikutaka zaidi.

Halafu akamwagilia, asubuhi na jioni, siku saba. Pwaa! Na kila akimaliza anakwenda kula kwake, na njiani watoto wa Bata wanamwimbia:

*Swaa-swaa, mwiko wako,*
*ufa lala, umelala,*
*ukiamka mwakani*
*twakujua, hutakula!*

Na pembeni, karibu na wayo mdogo wa vidole vitatu, kuna wayo kama karai.

Siku ya tisa mvua ikaja. Ilinyesha mvua ya hasira, ile inayotafuta mtu. Mama Kanga alikuwa amerudisha mayai, akayalalia, akaweka macho mlangoni. Maji yakaja uani. Yakafika katikati. Yakasimama kidogo, kama mtu aliyesahau njia. Kisha swaaaa, yakaenda mferejini.

Na kabla mvua haijaisha yai la kwanza likalia ndani: tik. Likalia la pili: tik. Saba yote. Akatoka kifaranga mmoja mmoja, amelowa na maji ya yai lake mwenyewe, si maji ya mvua.

Mama Kanga akamtafuta Fuko amshukuru. "Mwanangu, na wewe sasa utalala wapi? Nimekuvunjia nyumba."

"Usijali, mama. Safari hii nitapata kazi. Mji mzima umeona."

Kweli, mji mzima uliona. Mjumbe aliandika barua. Baraza la Mji likakaa kikao, likanywa chai, likaamua: mji unahitaji Mkaguzi Mkuu wa Sakafu, haraka sana. Likatangaza. Fuko akafungua kopo, akatoa shahada, akaikung'uta vumbi, akaenda intavyuu. Alikuta foleni ya mtu mmoja.

Kiboko akapata kazi.

Ndiyo. Kiboko. Msinitumbulie macho, sikuwa mimi kwenye kikao. Walimwuliza Fuko, una uzoefu? Akasema, niligundua shimo. Wakamwambia, kugundua si uzoefu. Wakamwuliza Kiboko, una uzoefu? Akasema, nimewahi kuanguka ndani ya sakafu mbovu kwa mwili wangu wote. Wakapiga makofi. Practical, wakasema, huyu ni mtu wa practical.

Wakampa ofisi, wakampa kiti cha kuzunguka, wakakiweka katikati kabisa ya chumba.

Fuko alimwamkia Kiboko, shikamoo mzee. Akakunja shahada yake, akairudisha koponi. Na kwa kuwa hakuwa na nyumba, akaanza kuchimba nyingine. Akachimba, kwi-kwi-kwi, akapita chini ya barabara, akapita chini ya ukuta, akafika mahali akaona panamfaa. Akaweka kitanda. Akaweka birika. Akaegemeza dari kwa vijiti viwili. Juu yake anasikia kiti kinazunguka, nyiii, nyiii, na mtu mzito anacheka na simu.

Fuko akainua jiwe lake dogo la mtoni, akagonga dari, polepole.

Bu. Bu. Bu.

Akatabasamu, akajimiminia chai.

Haya, funzo la hadithi, maana najua mtanidai. Funzo ni hili, watoto: waheshimuni wazito, wao ndio nguzo ya mji. Ufa ukitokea, zibeni juu, msiulize kuna nini chini, wahenga hawakosei. Fundi akisema bado mbichi, mpeni chakula. Na someni kwa bidii, elimu ni ufunguo. Mlango utatafutwa baadaye.

Hadithi yangu imekauka. Ikiwa nzuri, ikanyageni katikati. Ikiwa mbaya, pakeni niru.